Bismillahi ukutani, "mali ikiuzwa hairudishwi" kwenye risiti

  

Ndugu zangu Waislamu, leo naomba tuzungumze habari ya bango.

Siku chache kabla ya Ramadhani moja iliyopita, mama mmoja mjane, jirani yangu, alipata zamu yake ya mchezo. Akaongeza na akiba yake ndogo, akaenda Kariakoo kununua friza. Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Mwezi mzima wa Ramadhani atauza barafu na juisi ya ukwaju saa za kufuturu, Idi ikifika awe anaweza kuendelea kuwachangia wenzake wa mchezo, na watoto wapate nguo. Alikabidhiwa friza inayong'aa, akaambiwa ni mpya, akapewa risiti.

Siku ya nne friza ikawa inanguruma tu, haigandishi. Akaipakia kwenye guta, akairudisha dukani. Mwenye duka, mtu mzima mwenye kofia na alama ya sijda kwenye paji la uso, hakumkaripia. Alinyoosha kidole tu kuelekea ukutani. Upande wa kulia palikuwa na Bismillahi ya maandishi ya dhahabu ndani ya fremu. Upande wa kushoto palikuwa na bango: "Mali ikiuzwa hairudishwi." Akamwambia, "Mama, hukusoma?" Maneno hayo hayo yalikuwa yamepigwa muhuri chini ya risiti yake.

Mama yule akarudi nyumbani na friza yake juu ya guta, nauli ya pili mfukoni mwake. Hakwenda kushitaki popote. Alisema, "Namwachia Mungu." Na sisi majirani tukaitikia, tukamwambia avute subira. Mimi nilikuwa mmoja wa waliomwambia hivyo, na jambo hilo linanisuta mpaka leo.

Kwa hiyo swali letu ni hili: maneno yale matatu ya bangoni yana uzito gani mbele ya sheria ya Allah? Yana uzito gani mbele ya sheria ya nchi? Na je, sisi tuliomwambia mjane yule avute subira, tulimpa nasaha ya dini au tulimsaidia mwenye duka kula mali ya mtu?

Mtume aliyekuja na mizani

Wapo Waislamu wanaodhani kwamba habari ya haki za mnunuzi ni mambo ya Wazungu. Husema kwamba mambo haya yameanza na Rais Kennedy wa Marekani, ambaye tarehe 15 Machi 1962 alilieleza Bunge la nchi yake kwamba mlaji ana haki nne: haki ya usalama, haki ya kupewa taarifa, haki ya kuchagua na haki ya kusikilizwa. Ni kweli kwamba siku hiyo ndiyo inayoadhimishwa kila mwaka kuwa Siku ya Haki za Mlaji Duniani, na ni kweli kwamba Umoja wa Mataifa ulipitisha miongozo ya kumlinda mlaji mwaka 1985. Lakini anayedhani kwamba jambo lenyewe limeanzia hapo hajaisoma Qur'an yake vizuri.

Isomeni habari ya Nabii Shuaib (a.s.) katika Suratul A'raf, Suratu Hud na Suratush Shu'araa. Watu wa Madyan walikuwa wafanyabiashara. Allah aliwapelekea Mtume, na Mtume huyo alipomaliza kuwaambia wamuabudu Mungu mmoja, jambo lililofuata katika ulinganiaji wake lilikuwa ni vipimo. Watimize kipimo na mizani, wasiwapunje watu vitu vyao. Watu wake walishangaa na kumkejeli. Wakamuuliza kama ni swala zake ndizo zinazomwamrisha awazuie kufanya watakavyo katika mali zao. Angalieni swali hilo, ndugu zangu, maana bado linaulizwa mpaka leo. Mtu anaswali swala tano, anafunga, anahiji, lakini ukimgusa dukani kwake anakuambia, "Dini ni msikitini, hapa ni biashara." Hiyo ni kauli ya watu wa Madyan, na mwisho wao tunaujua.

Kisha isomeni Suratul Mutaffifin. Inawatishia adhabu wale ambao wakipokea kwa watu hutaka kipimo kijae, na wao wakiwapimia watu hupunguza. Hebu tujiulize, lumbesa ni kitu gani? Mlanguzi anakwenda kwa mkulima wa viazi au vitunguu, anataka gunia lishindiliwe mpaka liote kichwa, na analilipa kwa bei ya gunia moja. Akifika mjini anauza kwa kopo lililobonyezwa kitako. Kwa mkulima amejaziwa, kwa mlaji amepunguza. Wakala wa Vipimo umepiga kelele juu ya lumbesa miaka nenda rudi, lakini sura hii ilikwishalizungumza jambo lenyewe zaidi ya miaka 1,400 iliyopita.

Kuficha aibu ya bidhaa

Sasa turudi kwenye bango. Imepokewa na Imamu Muslim kutoka kwa Abu Huraira (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alipita sokoni penye lundo la nafaka. Akaingiza mkono wake ndani, vidole vikakuta majimaji. Akamuuliza mwenye lundo sababu yake. Yule mtu akajibu kuwa ni mvua ndiyo iliyoinyeshea. Mtume (s.a.w.) akamuuliza kwa nini basi hakuiweka nafaka iliyolowa juu ili watu waione, kisha akasema kwamba anayefanya udanganyifu hayumo pamoja naye.

Tuizingatie hadithi hii. Kwanza, Mtume hakutosheka na kutazama juu ya lundo, bali alikagua ndani. Huo ndio ukaguzi wa ubora wa bidhaa sokoni. Pili, mwenye mali hakuinyeshea yeye, ilikuwa ni mvua ya Mwenyezi Mungu, lakini udhuru huo haukumsaidia. Kosa lake lilikuwa kuficha. Tatu, hakuambiwa aandike bango la kuwatahadharisha watu kuwa nafaka ikishapimwa hairudi. Alitakiwa aionyeshe ile iliyolowa.

Na katika hadithi ya Uqba bin Aamir (r.a.) aliyoipokea Ibnu Majah, Mtume (s.a.w.) amebainisha kuwa si halali kwa Mwislamu kumuuzia nduguye kitu chenye aibu bila ya kumweleza aibu hiyo. Hapa ndipo wanazuoni wetu walipojenga mlango mzima wa fiqhi unaoitwa hiari ya aibu. Maana yake ni kwamba mnunuzi akikuta katika bidhaa kasoro iliyokuwepo kabla hajaipokea, kasoro inayopunguza thamani au inayozuia matumizi yake, ana hiari ya kuirudisha na kupewa fedha zake, au kuridhika nayo. Hiari ni yake yeye, siyo ya mwenye duka.

Na wale waliokuwa wakiwafunga ngamia na mbuzi chuchu siku kadhaa ili viwele vijae, mnunuzi adhani mnyama ana maziwa mengi, Mtume (s.a.w.) aliwakataza. Aliyenunua mnyama wa namna hiyo akapewa hiari: akitaka amweke, akitaka amrudishe pamoja na pishi ya tende badala ya maziwa aliyokama. Friza kuukuu iliyopakwa rangi ikaitwa mpya ni mbuzi aliyefungwa chuchu. Tofauti ni waya wa umeme tu.

Je, bango linamwokoa muuzaji?

Atatokea mtu aseme, "Lakini Ustadh, mnunuzi amelisoma bango na amekubali. Waislamu si hufungwa na masharti yao?" Swali zuri, na jibu lake liko wazi.

Wanazuoni wa madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo inayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, walilijadili bango hili karne nyingi kabla ya Kariakoo kuwepo. Wao huliita kuuza kwa sharti la kujivua na aibu. Imamu Nawawi ameeleza katika Minhaj kwamba kauli yenye nguvu ni kuwa sharti hilo halimwokoi muuzaji isipokuwa katika jambo moja tu, nalo ni aibu iliyojificha ndani ya mnyama aliye hai, ambayo muuzaji mwenyewe hakuijua. Sababu yake inaeleweka. Mnyama anakula, anaugua, na maradhi yake hayaonekani hata kwa mwenyewe. Lakini friza si mbuzi. Simu si mbuzi. Mabati si mbuzi. Wanazuoni wa Kihanafi wamelegeza zaidi katika sharti hili, lakini hakuna madhehebu yoyote inayomhalalishia muuzaji kuficha kwa makusudi aibu anayoijua, awe na bango au asiwe nalo.

Hapa tutenganishe mambo mawili yanayochanganywa. Kuna mnunuzi aliyekuta kasoro, na kuna mnunuzi aliyebadili mawazo. Yule aliyenunua kitambaa kizima, akafika nyumbani mumewe akasema rangi si nzuri, huyo hana haki ya kulazimisha kurudisha. Kwake yeye bango ni halali. Hata hivyo, muuzaji akimpokelea kwa hisani, basi imepokewa kwa Abu Huraira (r.a.) kwamba anayemvua mwenzake mauzo aliyoyajutia, Allah atamvua makosa yake Siku ya Kiyama. Hiyo ni fadhila. Lakini kurudisha fedha ya kitu kibovu si fadhila, ni deni. Wafanyabiashara wetu wengi wamelifanya deni kuwa fadhila, na mnunuzi akirudishiwa chake anaambiwa ashukuru.

Sheria ya nchi nayo inasemaje?

Ndugu msomaji, katika jambo hili sheria ya nchi haikupingana na fiqhi. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, ambayo tumeirithi tangu enzi za mkoloni, inaingiza masharti ndani ya mauzo hata kama hayakutamkwa: kwamba bidhaa ilingane na maelezo yake, iwe na ubora wa kuuzika, na ifae kwa kazi ambayo mnunuzi aliieleza kwa muuzaji anayeifahamu biashara hiyo. Na kama mnunuzi aliikagua bidhaa, kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuionyesha hawezi kuilalamikia tena. Huo ni mwendo ule ule wa wanazuoni, kwamba aliyeiona aibu akaridhika, hiari yake imeondoka.

Kisha ikaja Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Watu wengi wakisikia jina hilo hudhani ni sheria ya makampuni makubwa kugombana yenyewe kwa yenyewe. Sivyo. Sehemu kubwa ya sheria hiyo inamhusu mlaji. Inakataza mwenendo wa kupotosha na kudanganya, inakataza kusema kitu ni kipya ilhali kimetumika, inaweka masharti ya lazima katika mikataba ya mlaji, na haimruhusu mfanyabiashara kuyafuta masharti hayo kwa maandishi yake mwenyewe. Sheria hiyo ndiyo iliyounda Tume ya Ushindani, FCC, inayopokea malalamiko ya walaji, na Baraza la Ushindani, ambako asiyeridhika na uamuzi wa Tume hukata rufaa. Zanzibar nako kuna sheria yao ya ushindani wa halali na kumlinda mtumiaji ya mwaka 2018, na Tume yao.

Kwa hiyo bango lile, linapowekwa mbele ya mtu aliyeuziwa kitu kibovu, halina nguvu mbele ya Kadhi wala mbele ya hakimu. Nguvu yake ni moja tu: mnunuzi hajui.

Mwenye haki ana kauli

Hapa ndipo kosa linapotuangukia sisi wengine tusio na duka. Tumemfundisha mnunuzi wa Kiislamu kwamba kulalamika ni kukosa subira, kudai ni utovu wa adabu, na kwenda kwenye vyombo vya sheria dhidi ya Mwislamu mwenzako ni fitina. Hebu tumtazame Mtume (s.a.w.).

Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, mtu mmoja alimjia Mtume (s.a.w.) kudai ngamia wake. Akadai kwa ukali, akatumia maneno mazito. Maswahaba wakataka kumkabili. Mtume akawaambia wamwache, kwani mwenye haki ana nafasi ya kusema. Kisha akaamuru anunuliwe ngamia wa umri ule ule. Walipotafuta wakakosa ila aliye bora kuliko wa kwake. Akasema apewe huyo, na akawafundisha kuwa mbora wa watu ni mbora wao katika kulipa.

Subhanallah! Kiumbe bora kuliko wote anafokewa na mdai mbele ya wafuasi wake, anasema mwacheni aseme. Leo mteja akirudi dukani na kitu kibovu, vijana wa duka wanamcheka, anaambiwa apishe wateja, na akizidi kusema anatishiwa kuitiwa mgambo. Hiyo sunna wameitoa wapi?

Na Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tumsaidie ndugu yetu, awe dhalimu au mdhulumiwa. Alipoulizwa vipi tutamsaidia dhalimu, akajibu kuwa ni kwa kumzuia asidhulumu. Kwa maana hiyo, mnunuzi anayedai haki yake kwa adabu hajitendei wema yeye peke yake. Anamwokoa mwenye duka na moto. Tunaijua habari ya muflisi wa Siku ya Kiyama, anayekuja na swala, funga na zaka, lakini huyu alimtukana, yule alikula mali yake. Basi wadai wake watagawiwa mema yake mpaka yaishe, kisha abebeshwe madhambi yao. Toba ya swala iliyopita huipatanisha nafsi na Mola wake, lakini fedha ya mjane haitoki mfukoni kwa istighfari. Hutoka kwa kurudishwa.

Tulipomwambia mama yule avute subira, tulimnyima haki yake hapa duniani, na tulimwacha Alhaji yule na mzigo wa kesho akhera. Tuliwadhulumu wote wawili.

Mkataba wa Fudhul

Wapo wanaosema, "Kama ni hivyo tumshauri kwa dini tu, lakini tusiende kwenye hizo Tume za Serikali, si vyombo vya Kiislamu." Hao nawakumbusha Mkataba wa Fudhul.

Kabla ya Utume, mfanyabiashara kutoka Zabid, Yemen, alifika Makka na bidhaa zake. Al-Aas bin Wail, mmoja wa wakubwa wa Makureishi, akazichukua, kisha akakataa kumlipa. Mgeni yule hakuwa na kabila wala ndugu Makka. Aliwaendea wakubwa, wakamkatalia kwa kumwogopa al-Aas. Akapanda mlima Abu Qubays, akapaza sauti kueleza dhulma aliyofanyiwa. Ndipo baadhi ya koo za Makureishi zikakutana katika nyumba ya Abdullah bin Jud'an, wakaapa kuwa mkono mmoja pamoja na kila aliyedhulumiwa, awe mwenyeji au mgeni, mpaka apate haki yake. Wakamwendea al-Aas, wakamtoa haki ya yule Myemeni. Mtume wetu alihudhuria kiapo hicho akiwa kijana, na baada ya kupewa Utume alisema kuwa angeitwa kwenye mkataba kama huo ndani ya Uislamu, angeitikia.

Waliokutana siku ile wengi wao walikuwa washirikina, na mkutano ulifanyika katika nyumba ya mtu wa Jahiliya. Lakini jambo lenyewe lilikuwa haki, na Mtume (s.a.w.) hakulikana kwa sababu ya waliolianzisha. Na ugomvi wenyewe ulikuwa ni wa nini? Ulikuwa ni wa biashara, mtu aliyechukuliwa mali yake bila kulipwa. Basi chombo chochote kinachomrudishia mnyonge chake pasipo kumwingiza kwenye haramu, Mwislamu asione haya kukiendea.

Namna ya kudai

Kudai kuna adabu zake, nami nizitaje kwa ufupi ili anayesoma anufaike.

Kwanza, dai risiti kabla ya kuondoka dukani. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, aya ya 282 ya Suratul Baqara, ni ya kuandikiana na kushuhudishiana. Mashine za risiti za kielektroniki zipo tangu mwaka 2010, lakini sisi wenyewe tunaambiwa "bila risiti nitakupunguzia," tunafurahi. Msingi wa hukumu katika Uislamu ni kwamba anayedai alete ushahidi, na anayekana aape. Ukienda mikono mitupu umemwachia mwenzako kiapo tu, na wapo wasioogopa kuapa. Hakikisha pia risiti inaeleza kitu chenyewe, kipya au kilichotumika, na muda wa dhamana.

Pili, usichelewe. Kwa madhehebu yetu hiari ya aibu ni ya papo kwa papo. Ukiiona kasoro ukaendelea kutumia wiki tatu bila udhuru, umeridhika. Na ukikiharibu kitu mikononi mwako, hali inabadilika. Sayyidna Umar (r.a.), naye ni Khalifa, alichukua farasi kwa mtu kwa bei waliyopatana, akampanda kumjaribu, farasi akaumia. Akataka kumrudisha, mwenyewe akakataa. Wakamweka Shuraih awaamue. Shuraih akamwambia Khalifa achukue alichonunua au akirudishe kama alivyokipokea. Umar hakukasirika. Alimteua Shuraih kuwa Kadhi huko Iraq. Haki, kwa hiyo, si ya mnunuzi tu. Mnunuzi anayeangusha simu yake kisha akasema aliuziwa mbovu naye ni mutaffif.

Tatu, anza na sulhu. Mwendee muuzaji mwenyewe, kwa upole, na ikishindikana nenda na watu wazima wawili watatu anaowaheshimu. Sulhu inafaa baina ya Waislamu, ila ile inayohalalisha haramu au kuharamisha halali. Lakini sulhu isiwe jina la kumnyamazisha mnyonge. Kumwambia aliyeuziwa kitu kibovu apokee robo ya fedha zake "yaishe" wakati haki yote iko wazi na mdaiwa anao uwezo, hiyo ni dhulma iliyovishwa kanzu.

Nne, sulhu ikishindikana, kuna milango. Kwa bidhaa mbovu au udanganyifu wa mfanyabiashara nenda FCC. Kwa mizani na vipimo, Wakala wa Vipimo. Kwa ubora wa bidhaa, na tangu mwaka 2019 pia chakula na vipodozi, ni TBS. Kwa dawa ni TMDA. Kwa umeme, maji na mafuta ni EWURA, na kwa simu ni TCRA, ila huko utatakiwa kwanza uwe umemlalamikia mtoa huduma mwenyewe. Kwa mabasi ni LATRA, iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019. Na Mahakama ya Mwanzo ipo, Kiswahili ndiyo lugha yake, na mtu anaweza kusimama mwenyewe akaeleza dai lake. Andika malalamiko yako, ambatisha nakala ya risiti, na ubaki na nakala yako iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Bango bado lipo

Nimalizie habari ya mjane. Katikati ya Ramadhani mzee mmoja wa msikiti wetu alipoisikia habari ile, alitukemea. Akatuuliza, "Mmekaa mnasoma Qur'an mwezi mzima, na Suratul Mutaffifin mnairuka?" Baada ya tarawehe akatuchukua watu wawili pamoja na fundi wa friji. Fundi alipoifungua friza ile, kompresa ilikuwa kuukuu, na chini ya rangi mpya palikuwa na kutu. Kesho yake tukaenda dukani na risiti.

Alhaji alianza kwa hasira, akaonyesha bango. Mzee akamwacha aseme mpaka akamaliza. Kisha akamwambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, bango hili utakwenda nalo kaburini?" Duka likanyamaza. Alhaji akasema kwamba hata yeye aliuziwa hivyo na mtu wa jumla. Mzee akamjibu kuwa huyo ni wake wa kumdai, lakini mama huyu anakudai wewe. Fedha zikahesabiwa. Wakati anatukabidhi akasema, "Basi wazee, kwa heshima yenu, namsaidia huyu mama."

Namsaidia! Ramadhani ilikuwa imebaki siku kumi, soko la barafu limepita, mama ameshakopa kwa watu, na fedha zake mwenyewe anarudishiwa kama sadaka. Tulizipokea, lakini neno lile lilinikaa moyoni. Alhaji yule si mtu mbaya. Hakuna aliyemfundisha. Kila Ijumaa anakaa safu ya mbele, na katika miaka yote ya khutba zetu huenda hakusikia hata moja juu ya hiari ya aibu.

Kwa hiyo wito wangu kwanza ni kwetu sisi tunaopanda mimbari. Tuwasomee watu mlango wa biashara kama tunavyowasomea mlango wa udhu. Wito wa pili ni kwa kamati za misikiti, hasa ya Kariakoo na masoko mengine ya mjini: wawekeni watu watatu wanne waaminifu, mmoja wao mfanyabiashara na mmoja anayeijua sheria, wasikilize migogoro ya wauzaji na wanunuzi baada ya swala, na ikiwashinda wamwongoze mwenye haki mpaka kwenye chombo kinachohusika. Haihitaji jengo wala mfadhili. Makka walikutana katika nyumba ya mtu.

Na wito wa tatu ni kwako wewe ndugu yangu mwenye duka. Wiki iliyopita nilipita pale. Bismillahi iko mahali pake, na bango bado lipo. Ikiwa na kwako lipo, leo kabla hujafunga duka literemshe, au liandike upya useme kwamba kitu kizima hakirudishwi, na chenye kasoro kirudishwe upewe chako. Usiogope hasara. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na wakabainisha, biashara yao hutiwa baraka, na wakificha na kusema uongo, baraka hiyo hufutwa.

Tunamuomba Allah (s.w.) atusafishie mikono yetu na matumbo yetu kutokana na mali za watu, awape wafanyabiashara wetu riziki ya halali, na awape wanyonge wetu ujasiri wa kudai kilicho chao. Amin.

Wallahu a'alam.